Huyu Ana Wenyewe

Hakuwa na mke. Mkewe aliondoka na sanduku moja, akasema la pili atalifuata, na lile la pili sasa lilikuwa na miaka ishirini na tisa chini ya kitanda. Hakuwa na mtoto. Hakuwa na nyumba, ila chumba kimoja cha kupanga nyuma ya karakana ya baiskeli, chenye dirisha linalotazama ukuta. Hakuwa na meno ya juu upande wa kushoto. Hakuwa na cheti zaidi ya kile cha shule ya jioni, na hicho alikitia kwenye fremu, akakitundika pale ambapo wenzake hutundika picha ya harusi. Na hakuwa na picha. Si ya mama yake, si ya mkewe, si ya ujana wake mwenyewe. Alikuwa na moja tu, ya gazeti, ndogo kama kiberiti, na hata hiyo hakuwa nayo nyumbani. Ilikuwa kazini, kwenye kadi, ndani ya boksi la kumi na saba.

Kazi yake ilikuwa kutunza marehemu wa karatasi. Masista walikuwa na jengo la nyuma ambalo zamani lilikuwa la kufulia. Mabomba bado yalichomoza ukutani, yamezibwa kwa matambara. Upande wa kulia wa chumba, rafu zilibeba tanzia: kila tangazo la kifo lililotoka gazetini kwa muda wa miaka arobaini, limekatwa kwa mkasi, limewekwa kwenye kadi, kadi ikawekwa kwenye boksi. Aliyeanzisha jambo hilo alikuwa sista mmoja mrefu, mkali, ambaye watu walimwita Sista Mkasi. Alisema kuna watu wanakufa bila mtu wa kuwaombea, na gazeti lenye jina lao likishafungia kipande cha sabuni dukani, basi jina limepotea. Ndiyo maana kila asubuhi kadi kumi zilipelekwa kanisani, masista wakazisoma kwa sauti, kisha zikarudishwa.

Upande wa kushoto zilikaa picha za mtaani. Hizo zilitoka kwa mpiga picha aliyesimama miaka mingi kwenye kona ya posta, akimpiga kila apitaye na kumpa kikaratasi chenye namba. Aliyeitaka picha yake alirudi kesho yake akalipa. Wengi hawakurudi. Mpiga picha alipokufa bila ndugu, maboksi yake yaliletwa kwa masista, yamejaa nyuso ambazo hakuna aliyezichukua: watu wamekatwa katikati ya hatua, mguu mmoja chini na mwingine hewani, wengine wamekunja uso kwa jua, wengine wamegeuka kama walioitwa.

Mzee wetu alikaa katikati, na kioo chake cha kukuzia, akilinganisha kushoto na kulia. Uso wa mtaani ukifanana na uso wa tanzia, aliandika namba nyuma ya vyote viwili kwa mwandiko ambao hata Mama Mkuu aliuonea wivu.

Walimwita Bwana Gundi. Si kwa kuwa aliipenda gundi; aliibania kama mgonjwa anavyobania dawa ya mwisho. Sista Mkasi alimfundisha siku ya kwanza: gundi ni ya unga wa ngano, inapikwa nyepesi, na inagusishwa kwenye ukingo wa juu tu, ili karatasi iweze kufunuliwa kama jani la kalenda.

"Usibandike yote," alimwambia. "Huwezi kujua nyuma kuna nani."

Na kadi zote zilifuata sheria hiyo, maelfu kwa maelfu.

Mpishi wa masista, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kupasua sahani, alikuwa akimletea unga kila Jumatatu.

"Bwana Gundi, umemlaza nani leo?"

"Mpishi mmoja. Tangazo linasema alikufa kwa umbeya."

"Basi mwachie nafasi kwenye kadi hiyo hiyo karani mmoja aliyekufa kwa kujisomesha!"

Ndivyo walivyozoeana.

Kadi moja tu haikufuata sheria.

Miaka thelathini na moja nyuma, kabla ya shule ya jioni, kabla ya masista, alikuwa mbeba magunia ghalani, hajui hata herufi ya jina lake. Alikuwa na binti wa miaka sita, ambaye mtaa mzima ulimwita Kengele kwa sauti yake. Siku moja alipita naye kona ya posta, mpiga picha akawapiga, na kwa mara ya kwanza maishani alirudi kesho yake akalipa. Yeye mwenyewe hakutokea vizuri, nusu ya kichwa imekatika. Kengele alitokea mzima, anacheka, kola ya gauni imesimama upande mmoja. Miezi miwili baadaye homa ya siku tatu ilimchukua.

Aliipeleka picha hiyo gazetini. Karani wa matangazo alimwambia aje kesho kuifuata. Kesho akaambiwa imepotea kiwandani. Tangazo lilitoka. Alilishika kwa mikono miwili, akauona uso wa mwanawe, na maneno chini yake yalikuwa kama sisimizi wamemwagwa. Mwezi uliofuata alijiandikisha shule ya jioni, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, magoti yakigonga dawati. Tangazo lilikuwa na mistari minne. Ilimchukua mwaka mzima kufika kwenye nukta ya mwisho.

Masista walipomwajiri kwa ajili ya mwandiko wake, alikuta gazeti la siku ile halikuwahi kuwafikia, akaleta kile kipande alichokitunza kwenye kopo la chai, ili naye Kengele awe na kadi na asomwe kanisani. Lakini aliogopa kile kidoa cha gundi ya unga. Aliogopa mwanawe angebanduka, angedondoka, angefagiwa. Akanunua gundi ya seremala, akaipasha moto, akaipaka kwenye kadi toka ukingo hadi ukingo. Alipokigeuza kipande akaona nyuma yake kuna tangazo jingine: mwanaume, kofia imeegemea sikio. Alikuwa anajua kusoma wakati huo. Alikuwa anasoma hadi makaratasi ya sabuni. Mwanaume yule hakumsoma. Alisema kimoyomoyo, "Huyu ana wenyewe," akamlaza kifudifudi, akakandamiza kwa kidole gumba mpaka gundi ikatoka pembeni.

Kisha akatumia miaka yake yote kutafuta upande wa kushoto kama ile picha ilichapwa mara mbili. Haikuchapwa. Na filamu zilikuwa zimegandana kwa unyevu, tofali moja jeusi.

Mwanamke alikuja siku ya Jumanne, baada ya kifungua kinywa, akiongozwa na sista msimamizi wa kumbukumbu, ambaye alikuwa kijana kiasi cha kumwita Bwana Gundi babu. Mgeni alikuwa na miaka arobaini na ushee, viatu vya nesi, na mkoba alioukumbatia kifuani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu ukae. Si hicho, hicho kina mguu mmoja wa uongo. Hiki hapa."

Akakaa. Akatoa kipande cha daftari.

"Natafuta tangazo la baba yangu. Nimeenda gazetini wakanicheka. Walipohama jengo, magazeti ya zamani waliyauza kwa kilo. Mlinzi ndiye aliyeniambia, nenda kwa masista, wana maiti wote."

"Marehemu," Bwana Gundi alisahihisha. "Tarehe unayo?"

"Ninayo." Akaisoma.

Mzee hakuhitaji kuiandika. Tarehe ile aliijua kama mtu anavyojua ngazi ya nyumba yake gizani.

Mgeni aliendelea, bila kujua anamsemesha nani. Alikuwa nesi katika mji mwingine, safari ya siku nzima. Baba yake alifanya kazi huku, kwenye kiwanda, na huku alifia. Baba zake wadogo walimzika haraka haraka, wakauza vitu vyake, ndipo wakatuma salamu. Wote wawili sasa hawapo. Mama yake hakuwahi kuonyeshwa kaburi. Jirani aliwahi kumsomea gazeti, akasema humu wametaja hadi mahali alipozikwa, kisha akaondoka nalo, na mama hakuwa anajua kusoma, na kwa kilio hakushika neno.

"Tarehe ndiyo aliyoishika," Nesi alisema. "Sasa mama yuko wodini kwangu. Mimi ndiye ninayemgeuza, mimi ndiye ninayemwosha. Mimi ni nesi, mzee, sihitaji daktari aniambie. Ni wiki, pengine mbili. Anaomba jambo moja, azikwe alipo mumewe. Kila nikiingia zamu ananiuliza, umepaona? Nikimwambia bado, anageukia ukutani."

"Alikuwaje, baba yako?" sista aliuliza.

"Alikuwa akivaa kofia upande. Mama anasema hata kwenye picha ya gazeti ilikuwa upande."

Bwana Gundi aliinuka. Alivuta boksi la kumi na sita, akalipekua. Akavuta la kumi na nane. La kumi na saba hakuligusa. Vidole vyake vilipekua vizuri, kwa utaratibu, kama vya mtu mkweli.

"Haipo," alisema.

"Haipo kabisa?"

"Kuna siku zilipotea, mama. Panya, mvua. Pengine wenyewe walihifadhi nakala."

Nesi alimtazama bila hasira, jinsi anavyotazamwa mgonjwa asiyeelewa ugonjwa wake.

"Wenyewe ndiyo mimi, mzee," alisema. "Hakuna wengine."

Akaacha anwani yake kwenye kile kipande cha daftari, akashukuru, akaondoka. Viatu vyake vilisikika koridoni mpaka mlango wa nje.

Siku ile mzee hakula. Alilitoa boksi la kumi na saba, akaitoa kadi, akakaa nayo dirishani. Aliiinua kwenye mwanga: kadi ilikuwa nene, alichoona ni kivuli cha kijivu nyuma ya kicheko cha mwanawe. Akajiambia wafu hawaulizani makaburi. Akajiambia mama wa watu anaweza kuzikwa popote, udongo ni udongo. Akajiambia mengi, na aliyasema vizuri, kwa Kiswahili sanifu cha shule ya jioni, na kila aliponyamaza alisikia, Wenyewe ndiyo mimi.

Alhamisi asubuhi alikwenda mezani kwa sista, akaiweka kadi mbele yake.

"Huyu ni nani, babu?"

"Mwanangu."

Sista alilisoma tangazo. Miaka minne walikuwa wamefanya kazi chumba kimoja, na hakuwahi kujua.

"Ifunue karatasi," mzee alisema.

"Haifunuki."

"Ndiyo. Haifunuki. Baba wa yule nesi yuko nyuma."

Sista alichukua muda kuelewa, na alipoelewa uso wake ulibadilika mara mbili, kwanza kwa hasira, kisha kwa kitu kingine.

"Ulimwambia haipo."

"Nilimwambia haipo."

"Babu! Mbele yangu! Na mimi nikaitikia kwa kichwa kama mbuzi!"

"Nisamehe, sista."

"Si mimi wa kuombwa msamaha." Akaigeuza kadi, akaikwaruza kwa ukucha. "Gundi gani hii?"

"Ya seremala."

"Wewe? Bwana Gundi?"

Sista akainuka. "Tupige nakala kwanza. Ya mtoto."

Mashine ya nakala ilikuwa ofisini kwa Mama Mkuu. Walijaribu mara tano. Gazeti lilikuwa limegeuka rangi ya chai, na mashine ilikuwa na umri wake. Maneno yalitoka, lakini uso ulitoka doa jeusi lenye masikio. Mzee alilikunja doa hilo mara nne, akalitia mfukoni.

"Tunaweza kungoja," sista alisema polepole. "Kuna mafundi wa karatasi, huko nje. Naweza kuandika barua. Miezi sita, mwaka."

"Nesi alisema wiki."

"Najua alichosema."

"Basi chemsha maji, sista."

Waliilaza kadi juu ya kioo cha dirisha bovu, Kengele kifudifudi, na wakaanza kwa nyuma. Sista alikamua matambara ya maji ya moto na kuyalaza juu ya kadi. Mzee akaivua kadi tabaka kwa tabaka kwa kisu cha kupakia siagi walichoazimwa na mpishi. Mpishi mwenyewe alisimama mlangoni na birika. Saa ya kwanza ikapita. Kadi ikaisha, ikabaki gundi, rangi ya asali, ngumu kama kucha. Wakabadilisha maji. Gundi ikaanza kulainika, ikanuka kama kwato zilizoungua, na chini yake ikaonekana kofia.

"Andika," mzee alisema. "Nitasoma neno kwa neno. Likitoka sijui litakaa muda gani."

Sista akakausha mkono, akashika kalamu.

Jina la marehemu lilitoka zima. Umri ukatoka. Kiwanda kikatoka. "Ameacha," mzee alisoma, akasubiri, akafuta kwa pamba. "Ameacha mke. Na. Binti mmoja."

Kutoka mlangoni mpishi alivuta pua.

Mstari wa mazishi ulikuwa katikati, pale gundi ilipokuwa nene kupita kote. Mzee alijua kwa nini. Pale ndipo alipokandamiza kidole gumba, na upande wa pili wa pale ndipo penye macho ya Kengele. Tambara halikutosha. Ilibidi kukwangua, na karatasi ilikuwa imeloa, haina nguvu kuliko ngozi ya maziwa.

"Babu, tunayo jina na kiwanda," sista alisema. "Labda inatosha. Labda kiwandani..."

"Kiwanda kilivunjwa. Andika."

Akakwangua. "Makaburi ya." Neno lililofuata lilionekana kwa kiasi cha pumzi mbili, kisha likakatika na kisu. "Nyuma ya. Kiwanda cha chokaa. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Safu ya." Chini ya kisu karatasi ilijikunja, na kioo kikaonekana. "Ukutani. Kando ya kaburi la." Akafuta kwa pamba. "La mama yake mzazi. Nukta."

Akakiweka kisu chini.

Sista alikiinua kioo kwa ncha zote mbili na kukigeuza taratibu. Upande wa pili palibaki kidevu, nusu ya kicheko, na kola ya gauni iliyosimama upande mmoja. Juu ya hapo palikuwa na tundu, na kupitia tundu hilo mzee aliona kifua cha sista, shati lake jeusi, na msalaba.

"Nitaitunza hivi hivi, kwenye kioo," sista alisema. "Naahidi."

"Tunza," mzee alisema. "Andika namba nyuma." Kisha akakumbuka kwamba sasa hapakuwa na nyuma, akaketi.

Baada ya chakula cha mchana aliandika barua. Rasimu ya kwanza ilianza jinsi alivyofundishwa: *YAH: TANGAZO LA MAREHEMU BABA YAKO. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Rejea ujio wako wa siku ya Jumanne.* Aliisoma, akaichana. Ya pili ilisema tangazo limepatikana baada ya juhudi za ofisi. Akaichana hiyo pia. Mpishi, aliyekuwa amekaa kwenye kile kiti chenye mguu wa uongo bila kukijali, alisema, "Mwandikie kama unavyosema na mimi." Ya tatu ilikuwa hivi:

*Mama Nesi,*

*Ulipokuja nilikuambia haipo. Nilikudanganya. Ilikuwepo na nilijua iliko. Baba yako nilimbandika mimi mwenyewe kifudifudi miaka mingi iliyopita, kwa sababu mgongoni mwake alikuwa mwanangu. Nilimwona ana kofia, nikasema huyu ana wenyewe. Sikufikiri kwamba wenyewe wangekuja.*

*Maneno yote ya tangazo yamo kwenye karatasi ya pili, kama yalivyo, hatukuongeza wala hatukupunguza. Amezikwa makaburi ya nyuma ya kiwanda cha chokaa, safu ya ukutani, kando ya mama yake mzazi. Kiwanda cha chokaa bado kipo. Mpishi wetu amepita huko saa nane hii na kuuliza. Mlinzi wa kiwanda anasema safu ya ukutani haijaguswa, na kaburi la bibi lina saruji na jina. Pembeni yake kuna tuta bila jina.*

*Mwambie mama yako gazeti limeandika, ameacha mke na binti mmoja. Mwambie leo, akiwa anasikia. Kama barua hii imechelewa, kosa ni langu la Jumanne, si la basi.*

*Siombi unisamehe. Naomba ukifika unijulishe, nije nikuonyeshe njia ya kupitia reli, ile ya barabarani ina matope.*

Akatia jina lake kamili, na chini yake, kwa mazoea, akaanza kuandika cheo. Akakiacha nusu.

Mpishi alikuwa na sufuria ya gundi ya unga, imepoa, ina utando juu. Mzee aliutoboa utando kwa ncha ya kidole, akachota kidogo, akagusisha katikati ya mdomo wa bahasha, mahali pamoja tu, kiasi cha punje ya mtama.

"Itafunguka njiani hiyo," mpishi alisema. "Paka vizuri."

"Haifunguki," alisema. "Lakini mwenyewe akitaka kuifungua, itafunguka."

Akaibeba mkononi, si mfukoni, mpaka kituo cha mabasi ya masafa marefu. Basi la saa kumi na moja lilikuwa likipakia. Karani wa vifurushi, bila kuinua kichwa, aliuliza ni kitu gani.

"Barua."

"Ya nani?"

"Ya wenyewe," mzee alisema, akamsomea anwani polepole, herufi kwa herufi, mpaka karani akaipiga muhuri na kuitupa kwenye gunia.